Wasikia?

Uzi wa nailoni, mwembamba kama sharubu ya paka,
Daktari Mumba anaugusisha wayoni mwangu.
"Fumba macho, Mama Bwanamkuu. Wasikia?"

Nasikia feni ikikwaruza hewa.
Nasikia punda wa mchanga wakisukumana huko nje,
na harufu ya spiriti, na aibu
ya kisigino kilichopasuka mbele ya kijana wa watu.
"Na hapa?"
Uzi siusikii.

Kwenye karatasi yake pana nyayo mbili zilizochorwa,
kila moja na viduara kumi.
Anavitia wino kimoja kimoja. Saba vimekwisha kuwa vyeusi.
Ni sukari, asema: neva zimeliwa
kama nyaya zinavyoliwa na chumvi ukutani,
mguu wapiga simu, ubongo haupokei.
Namwamini. Kwa tone la damu dogo kuliko ushanga
alisoma hata halua niliyokula harusini Shela.

Lakini daktari, mimi mshona kofia.
Miaka thelathini na minane, kofia za vito,
vidole vyajihesabia matundu nami napiga soga;
ukiniuliza nimefika la ngapi nitakosea,
vyenyewe havikosei.
Na sindano ile ni chuma, haina neva:
mbona kitambaa nakisikia nchani mwake?
Si kidoleni. Nchani, pale penye kutoboa.
Wayo una neva, umenyamaza. Chuma kinasikia.
Basi wino utie wapi, mimi naishia wapi?

Akaweka kalamu. Akasema fomu haina
mahali pa kuliandika hilo.
Hakucheka. Nikampenda kwa hapo.

Kisha akachukua kibano, akanichomolea
kilichonileta: sindano yangu,
namba tisa, niliyoitafuta tangu alfajiri
chini ya mkeka, kikapuni, nikamsingizia mjukuu,
nikaipekua nyumba nzima nikitembea juu yake.
Mkononi ilikuwa mimi.
Mguuni iliingia bila hodi, mwenye nyumba hayupo.

Narudi Mkomani kwa kichochoro, kiganja ukutani,
mawe ya matumbawe yananikwaruza, alhamdulillahi, yananikwaruza.
Macho chini.
Nautazama mguu ukikanyaga
kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimlinde.