Hesabu ya Kabati

Zilikuwa kumi na tisa.
Nasema zilikuwa, kwa sauti ile ya watu
wanaotoka mazishini wakiulizana njia.
Huku Montana mtu huhesabu bunduki kama ng'ombe,
na ng'ombe niliwauza mwaka ule goti liliponigeuka.

Nilianza na nisizozipenda. Ndivyo aanzavyo mwoga.
Ile ya marisau niliyoinunua kwa hasira
siku niliyogombana na Inger kuhusu zulia.
Bastola mbili pacha, za kutazamwa tu,
hazijawahi kunusa baruti.
Raifo yenye darubini ya ghali
iliyoona mbali kuliko nilivyotaka kuona.
Zikaenda ndani ya juma moja. Sikuumia.
Nilipiga mluzi nikitia sahihi.

Ndipo ikaja zamu ya zenye majina.

Ile ndefu, kitako cha mti wa jozi,
tuliiita Mjane; alituachia Torvald,
mjomba wa Inger, pamoja na deni la nyasi.
Mnunuzi alikuwa kijana, Wade Kittredge,
mwenye ndevu chache na tochi ndogo.
Akamulika, akapapasa, akaguna.
Akaomba nishushe dola hamsini
kwa mkwaruzo ulio chini ya kifyatulio.
Mkwaruzo! Hilo ni jino la mbwa wangu
mwezi wa Novemba, barafu ilipopasuka mtoni
na yeye akang'ata alichokipata, akavuta,
na mimi nilikuwa upande wa pili wa alichokipata.

Sikumwambia. Nikashusha hamsini.
Hadithi haina soko;
angeweza kuinunua aliyekuwepo,
na mbwa alikufa zamani.

Kari akapiga simu kutoka Spokane:
"Nipe vyungu vya Mama, Baba, nipe picha.
Hizo, hapana. Watoto wangu wanapanda
juu ya kila kitu chenye mlango."
Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikala.

Watu wakiniuliza kwa nini, nasema ni bega.
Bega ni kweli. Daktari ana picha yake.
Lakini kweli ina ndugu yake asiyealikwa:
tangu Inger atangulie, usiku una masikio,
na Februari moja nilikaa mbele ya kabati
mpaka birika likakauka jikoni, likaanza kunuka.
Sikufanya kitu.
Nilisikiliza tu,
na sikupenda nilichokuwa nakisikia.

Alfajiri nikavuka ua, nguo za kulalia ndani ya koti,
nikamkabidhi Delmar Stubbs funguo.
Hakuuliza. Alizitundika kando ya hatamu za farasi,
akanimiminia kahawa, mbaya kama kawaida yake,
akasimama pale mpaka nilipoimaliza.

Imebaki moja. Hakuna aitakaye.
Baba aliikata kitako kwa msumeno wa mkono
ili inifae nikiwa na miaka tisa,
na hakukata vizuri; anajua kila aishikaye.
Delmar ameitoa pini, anaitembeza mfukoni
pamoja na misumari na peremende.
Juzi niliiweka begani, lile zima.
Ilikoma karibu na shingo, kama shati la mtoto.
Nikaona aibu kidogo, nikacheka,
nikaitundika juu ya mlango wa stoo.

Kabati nalo? Chuma kile, uzito ule,
nani atalibeba?
Kwenye kitambaa cha kijani kumebaki vishimo,
kumi na tisa, kila kitako kilipolalia.
Nimejaza viazi vya mbegu. Vinapenda giza,
vinapenda ubaridi, havidai mafuta.

Funguo sikuzirudisha kwangu.
Kila Jumapili Delmar huvuka ua,
hufungua taratibu, anajisogeza kando
kana kwamba kitu kinaweza kulipuka,
na sisi wazee wawili tunainama,
tunaanza kunusa kama kuna kilichooza.