Kiti cha Nyuma, Upande wa Kulia

Wiki ya tatu kazini, tai ya kuazima shingoni,
sifa zote za gari nimezikariri mbele ya kioo cha bafuni.
Kwetu Houghton Februari haiishi, hubadili nguo tu:
asubuhi theluji, mchana theluji,
usiku chumvi ya barabarani
inayotafuna mabati kama mchwa mlangoni.

Aliingia akikung'uta mabuti, Aune Mattila,
miaka sitini na nne, glavu zimemtoboka vidole viwili.
Nikamkimbizia lile la kijivu, la katikati:
si kubwa la kubeba timu nzima,
si dogo la kubeba mkoba.
Nikajikohoza, nikaanza:

    Silinda sita za chuma,
    farasi tele wavuma,
    mbele wavuta, na nyuma
    wanasukuma, jamani!

    Kamera nne zaona
    usiku kama mchana,
    breki hujishika, bwana,
    ukisinzia njiani!

Hakucheka, hakununa.
Akapiga tairi teke moja,
akainama na tochi chini ya bampa,
akapima kwa kiganja
nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na barafu.
"Miaka ishirini na tisa," akasema,
"nimeendesha greda la kaunti la kuzoa theluji.
Lete ufunguo."

Tukapanda mlima wa Quincy.
Katikati ya mwinuko akasimama makusudi,
penye barafu nyeusi, akatoa mguu kwenye breki.
Gari halikurudi nyuma hata inchi.
Akakanyaga mafuta: tairi moja likateleza,
jingine likadaka,
na pua ikanyooka kabla mkono wake haujaomba.
"Linawaza kabla yangu," akasema.
Sikujua kama ni sifa au malalamiko.
Hata hivyo nikaona mwanya:

    Kiti ukikibonyeza
    joto kinakupuliza,
    na skrini yakueleza…

"Nyamaza," akasema. "Hamia nyuma. Kulia."

Nikahamia. Magoti hayakugusa kiti cha mbele.
Akasema nilaze mgongo wa kiti, nikalaza.
Akauliza lile tundu la umeme kwenye buti
hutoa wati ngapi.
Hilo sikuwa nimelikariri.
Nikageuka, nikasoma kibandiko: mia na hamsini.
"Mashine ya Waino inakula mia na ishirini."
Waino ni nani, hakuniambia.

Akashika barabara ya Marquette,
maili hamsini na tano kwa saa,
misonobari ikikimbia nyuma, upepo wa ziwani
ukijigonga kwenye vioo vya tabaka mbili na kurudi ulikotoka.
Akazima redio. Akazima feni ya joto.
Akazima hata skrini, mpenzi wangu wa wiki tatu.

"Sasa pumua."
"Nini?"
"Pumua kama mtu aliyeacha mapafu yake mgodini.
Vuta kidogo. Kwama. Halafu achia."

Nikapumua.
Nikavuta, nikakwama, nikaachia,
nina aibu, mvulana mzima wa tai
ninayelipwa kwa kamisheni.
Kwenye kioo cha mbele nikamwona
macho yake barabarani,
sikio limeinamia upande wangu,
kofia ya sufi ameisukuma juu ili lisizibwe.

Na injini niliyoitangaza kwa kelele
ilikuwa chini yetu mahali fulani,
farasi wote mia tatu
wakitembea kwa ncha za kwato.

Maili nne tukaenda hivyo.
Bei hakuuliza.
Kamera hakuzitazama.
Lori la magogo likatupita likimwaga theluji chafu,
waipa zikaamka zenyewe, zikafuta, zikalala,
naye hakugeuza shingo.

"Tena," akasema. "Taratibu zaidi.
Kwama zaidi hapo katikati."
Nikakwama mpaka kifua kikauma.
"Ndiyo," akasema, "hivyo hivyo.
Hivyo ndivyo anavyofanya tukikaribia Ishpeming."
Mkono wake ukashuka kwenye usukani,
glavu moja akaivua kwa meno.

"Tena."