Ukurasa wa Saa Tatu Usiku

Saa tatu usiku nafungua ukurasa.
Darasa letu halina dawati wala kengele;
lina bando la wiki,
na umeme wa Pasua ukijisikia.

Wanaingia mmoja mmoja,
kila mtu na kijiti chake cha rangi
kinachopepesa mwanzoni mwa mstari
kama mtu anayekohoa mlangoni, hodi haijatoka.
Kijani: Ndeshimuni, muuza mitumba Kiboriloni.
Chungwa: Aminieli, mpagazi, yuko Horombo na wageni wake,
mtandao anaupata akisimama nyuma ya choo,
vidole vina ganzi, herufi zinajirudia tu.
Zambarau: Bi Yusta wa duka la dawa,
hawezi kulala na kosa la mwenzake.
Na Kileo, aliyekataa katakata kufungua akaunti,
mashine humbatiza jina la mnyama.
Juzi Nungunungu. Jana Fisi,
akanipigia simu: Mwalimu, wanyama wote hao, mimi Fisi?

Kazi ya wiki: mtu wa nyumbani kwangu.
Sentensi tano za Kiingereza,
na kila mmoja apitie za mwenzake.

Ndeshimuni akaandika taratibu,
kama anayepima kitambaa kwa mkono:
mume wangu alikuwa fundi redio,
alipenda mtori,
alicheka kwa sauti.

Bi Yusta akatua hapo hapo.
Kila kitenzi akaking'oa mkia wa jana
akakibandika ile s ndogo
ambayo Kiingereza humvisha mtu mmoja aliyepo.
Pembeni akaacha maelezo:
Tukimweleza mtu, wakati uliopo. Mwalimu alisema.

Ni kweli, nilisema,
Jumanne, nikijiona msomi.
Na mwalimu huyo huyo, mwezi Machi,
alishika sepetu kule Mwika, mvua inanyesha,
akatupa udongo wa migombani juu ya fundi redio.
Bi Yusta hajui. Kaja juzi kutoka Tanga.

Vitufe ni viwili: kubali, kataa.
Nikaanza kuandika, nikafuta.
Wote wanaona ninavyofuta,
ndiyo adha ya ukurasa huu.
Kijani kilisimama juu ya neno la kwanza
dakika kumi na moja. Nilihesabu.

Kisha: kubali.
Kubali. Kubali.
Mpaka ya tano. Na chini yake
akaongeza ya sita, ambayo sikuiomba:
kila Jumamosi anafungua redio za watu mezani kwetu
na skrubu anaziweka kwenye kisahani changu cha chai

Kutoka mlimani, kwa Kiswahili, kinyume cha sheria ya darasa,
chungwa kikaandika:
Shemeji, ile aliyonitengenezea ninayo huku. Inaongea.
Mtandao ukakatika.

Asubuhi nikafungua historia ya ukurasa,
ambayo haimfichii mtu.
Sentensi ya sita haina nukta.
Saa saba usiku Bi Yusta alifika pale, akaiweka.
Saa saba na dakika nne
akaiondoa.

Nami nikaipitisha mbali kalamu yangu nyekundu.
Kileo, leo Twiga, amefurahi,
anauliza wiki ijayo tunaandika nini.