Miguu ya Punda

Mchana naandika mabango pale Chang'ombe:
Kinyozi Amani. Mkaa Upo.
Usikojoe Hapa, Faini Elfu Kumi.
Usiku, kwa taa ya chaji, namchora Bwana
akiingia Yerusalemu
kwa barabara ya vumbi itokayo Mvumi.

Kanisani walisema, "Bwana asifiwe, picha nzuri,"
wakaisifu huku wakitazama saa.
Mzee wa kanisa akauliza kwa upole
mbona Yesu ametoga masikio kama Mgogo,
na kwa upole uleule ikapelekwa stoo,
nyuma ya spika mbovu na masufuria ya harusi.

Kwa wachoraji wa mjini nilikuwa Mlokole.
Nikifumba macho kabla ya chai
mmoja anakohoa, mwingine anaongeza redio.
Hawakunifukuza. Walinipa kigoda,
kigoda chenyewe karibu na mlango.

Miaka minne nimekaa hivyo,
mguu ndani, mguu nje,
mzima wa afya, mgonjwa wa kitu
ambacho duka la dawa hawakijui.

Ndipo Nyemo, fundi wa majeneza,
aliponiita niandike jina kwenye msalaba.
Lilikuwa jina la mtoto. Hakuna aliyetaja bei.

Karakana yake ipo nyuma ya mashine ya kusaga,
na Alhamisi jioni humo hukutana watu wanne, watano:
Damari, mfinyanzi, avunjaye vyungu asivyoviamini;
Yoeli Mbijili, mpiga zeze asiyeona;
Eliwaza, anayeandika na kuchana, kuchana na kuandika.
Husali kwanza, sala fupi,
mikono ikiwa bado na udongo na gundi.
Kisha kila mtu atoe alicholeta.

Nilipeleka picha yangu imefungwa shuka.
Nyundo ikawekwa chini.
Damari akaisogelea hadi pumzi yake ikagusa rangi.
"Bwana wako namfahamu," akasema.
"Ila huyu punda ana miguu ya mbwa."

Nilitaka kuondoka. Hata shuka nilishaishika.
Yoeli, ambaye hajaona punda tangu surua ya utotoni,
akacheka hadi zeze likalia lenyewe mapajani:
"Kaka! Miguu ya mbwa itambebaje Mfalme?"

Alfajiri yake Damari alikuwa mlangoni kwangu.
Tukaenda Ntyuka, kwenye bomba,
punda wanakobebeshwa madumu.
"Usichore," akaniambia. "Tazama."
Nikatazama.
Kwato ndogo, kiasi cha kikombe cha kahawa.
Kisigino kilichopanda juu, kama kiwiko kilichogeuzwa.
Na mabegani ule mstari mweusi
unaokatiza uti wa mgongo:
msalaba.
Miaka thelathini na sita napishana na punda
na sikuwahi kuuona.

Miguu nimeifuta mara tatu.
Mara ya tatu Damari alinyamaza,
na ule unyamavu ulinishibisha kuliko makofi.

Picha haijarudi kanisani. Pengine haitarudi.
Jumapili nipo, benchi la tano, naimba bezi,
nawapenda kwa juhudi, siku nyingine bila juhudi.
Swali la mzee bado linanikera kidogo.

Lakini Alhamisi iliyopita nilikuwa Bahi,
naandika bango la gereji, mvua ikanishika,
nikafika karakana giza limeshaingia.
Sala imepita. Zeze limetundikwa.
Wameondoka wote, ufunguo uko pale tunapouficha.
Juu ya meza ya kurandia, kati ya maranda na misumari,
sahani imefunikwa kwa sahani:
ugali wa uwele, mlenda umeanza kupoa.
Pembeni, kwenye ubao, kwa chaki ya Nyemo,
jina langu, limekosewa herufi moja.

Mimi, ambaye herufi ndizo mkate wangu,
nilikula nikiitazama,
na sikuigusa.