Namba Tisa Halijisukumi

Watu hudhani linajiendesha. Sivyo.
Tanuri linalo, boila linalo,
mvuke wa kutosha kung'oa mlango wa kanisa,
lakini nguvu zote huishia usoni,
kwenye gurudumu la visu kumi
lililo refu kuliko nyumba aliyozaliwa Delfino Archuleta.
Kwenda mbele, lazima lisukumwe:
vichwa viwili vya treni mgongoni, pengine vitatu,
vikisemezana nalo kwa honi
kwa kuwa huko nyuma hakuna aonaye njia.

Babake Delfino alichochea moto humo
mwaka ule theluji ilipofukia nguzo za simu.
Alisema: kifua kinaungua, mgongo umeganda,
na dirishani ni weupe tu, unapepetwa,
unarushwa bondeni kama pumba.
Theluji laini hatukuiogopa.
Tuliogopa ile iliyoporomoka mlimani
na misonobari yake, na mawe yake,
na siku moja kulungu mzima,
amesimama, macho wazi.
Visu viwili vilikatika. Tukashuka na sepetu.

Kisha ikaja lami, yakaja malori.
Reli ya juu iling'olewa ikauzwa kwa kilo.
Namba Tisa likaachwa nyuma ya karakana,
panya kwenye bomba la moshi,
na mtoto akachora jina lake kwenye kutu kwa msumari:
ORLINDA.

Orlinda huyo, bintiye Delfino, ana miaka sitini na mmoja
na spana ndefu kama mkono wake.
Jumamosi huja watu sita, baridi ikizidi wanne:
mwalimu mstaafu, muuza matairi,
kijana mmoja asiyesema.
Wametoa mabomba ya boila, moja moja,
wakayagonga kwa kinyundo na kutega sikio
kama mnunuzi wa tikiti sokoni.
Pesa zimewaishia mara mbili.
Mkaguzi alikuja, akachungulia, akasema: mwakani.
Mwakani akasema: mwakani.

Machi hii karatasi ikatiwa sahihi. Wakaliwasha.
Mlimani palikuwa na matope.
Watu wakaja hivyo hivyo, na viti vyao, na kahawa kwenye chupa,
na gurudumu likaanza, zito, likakohoa,
likashika mwendo,
likapepeta hewa tupu.
Kofia ya Delfino ikaruka hadi kwenye uzio.
Hakuifuata. Ana miaka tisini, macho yamefunga ukungu.
Akaushika ubavu wa chuma, ukitetema,
akamgeukia binti yake:
"Na huko nyuma," akauliza, "nani anasukuma?"