Alama ya Kufunga Imehamia Kushoto

Baba, ile kompyuta ya mezani niliyokua nayo
ilinguruma kama friji ya bucha.
Uliiweka jikoni, kando ya pipa la kabichi iliyochachushwa,
kwa kuwa hapo tu ndipo soketi haikutoa cheche.
Nilijifunza kuandika nimevaa glavu zilizokatwa vidole,
Januari ya Suwałki ikikwangua kioo kwa nje.

Ikiganda, uliitwa.
Ulikuja na grisi ya trekta hadi kwenye viwiko,
ukabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja bila kutazama,
kama mtu anayejikuna mgongo,
ukasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Ukarudi kwenye trekta.

Sasa nimekubaliwa Łódź, kusomea uhariri wa filamu,
na barua ya chuo inasema, kwa upole wa watu wenye pesa,
kwamba maabara zote zinatumia mfumo ule mwingine,
wenye nembo ya tunda.
Si lazima, wameandika. Inapendekezwa.
Neno hilo nimelisoma mara tisa.

Bibi Leokadia akatoa bahasha kwenye sanduku la cherehani,
zloti elfu mbili na mia nane zinazonuka mafuta ya mashine.
"Nunua kitu kisichokufa kabla yangu."

Dukani Białystok, kijana Dobromir akatupangia mbili juu ya kaunta.
Ya kwanza mpya, nene, mfumo wetu wa siku zote,
dhamana ya miaka miwili
na vibandiko vya kujisifu ambavyo hata yeye hakuvielewa.
Ya pili nyembamba kama kitabu cha sala,
ya mtumba, kona moja imebonyea,
betri imekwisha kuchajiwa mara mia nne na kumi na mbili.
Nani alikuwa nayo usiku wote huo?
Alimaliza alichokuwa akiandika?

Niliuliza kuhusu nafasi ya kuhifadhi.
Niliuliza kama faili za zamani zitafunguka,
kama picha za mazishi ya babu zitahama salama.
Niliuliza yote, isipokuwa moja:
nikikwama saa sita za usiku, nitampigia nani?

Maana ulikuwa umesimama pale, kofia mkononi,
ukigusa ile nyembamba kwa kidole kimoja
kama anayepima homa ya mtoto wa jirani.
Ulitafuta alama ya kufunga,
juu, kulia, ilipokaa miaka kumi na saba.
Haikuwepo.
Dobromir akakuonyesha: kushoto, kidoti chekundu.
Ukasema, "Aa."
Ukaurudisha mkono mfukoni.

Nilichagua ile ya pili.
Hiyo "aa" tuliipakata sote wawili kwenye basi hadi nyumbani.

Wiki ya kwanza nilikuwa bubu.
Nilinakili, hakikunakiliwa kitu.
Kidole changu cha mwisho kilikwenda pembeni kila mara
kama ng'ombe anayerudi kwenye zizi lililobomolewa.
Nilitamani kuirudisha. Risiti nilikuwa nayo.

Kisha bwenini, Oktoba, nikitafuta chaja,
nikakuta kijidaftari cha duka la vipuri
kwenye mfuko wa ndani wa begi,
kimejaa mwandiko wako wa penseli:

Kunakili: si kile cha pembeni. Kilicho jirani na kitufe kirefu.
Kufunga: kushoto, chekundu.
Kukifunga hakuizimi programu. Usidanganyike.
Ikiganda: vitufe ni vitatu bado, ila si vilevile.

Ulijifunzia wapi, Baba?
Nyumbani kote hakuna hata moja ya aina hiyo.
Ulimsumbua nani, kwa saa ngapi, ukiwa umeshika kofia?

Na chini kabisa, umepigia mstari:
Nakala ya pili iko jikoni.

Haijaganda hata mara moja.
Jana saa sita za usiku nilikupigia,
nikasema imeganda.
Ukaniambia nisubiri,
utafute miwani.