Hati na Nyenje

Deusdete alifyeka miaka saba,
akapanda mihogo, akazika mtoto kando yake.
Redioni serikali ilikuwa imesema:
njooni, ardhi haina mtu.

Barabara ikafika, na nyuma yake
bwana wa São Paulo mwenye hati ya tangu babu:
ya manjano, imetafunwa pembeni.
Karani akagonga muhuri.

Zulmira, asiyejua kusoma, aliinusa.
"Hii imelala kwenye droo na nyenje," akasema.
"Mwezi. Haizidi miwili."

Askari wakacheka. Kibanda kiliwaka upesi.

Sasa ng'ombe wanalamba chumvi
pale alipolala mtoto,
na Deusdete anafyeka tena, mbele zaidi,
mahali redio inasema hapana mtu.
Usiku, nyenje wakilia, huamka
akapapasa panga.